Majibu Niliyokujibia

Nkoma, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kabula mwanangu,

Ule mwaka ulipoanza kusema una kichwa kizito, hukuwa na kichwa kizito. Mimi ndiye niliyeharibu. Msimu wa kuvuna pamba, ulipokuwa shambani na baba, nilikaa kwenye chumba cha vishikwambi pale shuleni kwenu, nikagusa picha yako, nikajibu maswali yako yote kana kwamba ni wewe. Nilifanya hivyo siku baada ya siku mpaka pamba ikaisha. Baba hajui. Mwalimu Masunga hajui. Hata kanisani sijawahi kulitaja, maana kule nako lazima useme kwa sauti. Wewe ndiye mtu wa kwanza, na ninakuomba usimwambie mtu.

Najua mwenye haki ya kuandika "mwanangu" ni mama, na mimi ni dada yako tu, nimekuzidi miaka mitano. Lakini mama alipofariki ulikuwa na miaka miwili, na nguo yake ya kukubebea ikahamia mgongoni kwangu. Nilikuwa nikitoka shule nakubeba, nakwenda nawe kisimani, narudi nawe. Ulikuwa unaniita mayu, mama. Uliniita hivyo mpaka siku ulipoanza darasa la kwanza, wenzako wakakucheka: "Mayu gani anavaa sare?" Siku hiyo ukarudi nyumbani ukaniita dada. Sikukuambia kwamba liliniuma. Basi leo najichukulia ruhusa, mara hii moja.

Sitakuandikia habari za sanduku na kufuli. Shangazi amekwisha kukuambia namna ya kuficha sabuni, baba ameyarudia yote mara mbili, na michembe yako, vile viazi vya kukausha, nimeifunga kwenye mfuko wa chini. Kesho asubuhi tutapanda basi la Bariadi, kisha la Maswa, na njiani nitakaa kimya kama kawaida yangu. Ndiyo maana naandika sasa, wakati umekwenda kuwaaga kwa kina shangazi, na baba yuko kwenye palizi ya kipande kile cha chini kwa kuwa mvua imekatika kidogo.

Mimi nimesoma miaka kumi na moja nikisema ndiyo. Unajua mwenyewe ilivyo. Mwalimu akimaliza kuandika ubaoni anageuka, anauliza, "Tumeelewa?" Na sisi wote, "Tumeelewaaa!" Sauti yangu ilikuwemo. Nadhani hapo tu ndipo sauti yangu ilipokuwemo shuleni. Darasa la nne mwalimu mmoja aliuliza kinyume, "Nani hajaelewa?" Mwenzetu mmoja akanyoosha kidole. Akaambiwa asimame, aseme ni wapi hajaelewa, na kabla hajafungua mdomo darasa zima lilikuwa limekwisha kucheka. Hakuwa mimi. Lakini nililiona cheko lile likimwingia mwilini, nikaamua kwamba halitanipata. Tulikuwa tunajifunza sehemu: nusu, robo, theluthi. Zilinipita zote, na kwa kila moja nilipiga kelele kwamba nimeelewa.

Halafu vishikwambi vikaja. Wewe ulikuwa darasa la tano, mimi kidato cha pili. Unakumbuka ule mkutano wa wazazi? Ulikuwa umekaa miguuni kwa baba. Watu wa mradi walileta vishikwambi kumi na viwili na sola ya kuvichaji, na Mwalimu Masunga akasimama kueleza kwamba ndani yake mna akili mnemba. Akasema mashine haikufundishi tu, nayo inajifunza habari zako: ukijibu inajua umefika wapi, ukikosea inajua umekwama wapi, inarudi kukuchukua pale pale.

Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Na hiyo akili inakula nini?"

"Jua," akasema Mwalimu.

"Basi kwa hapa itanenepa."

Watu wakacheka sana. Lakini mama mmoja hakucheka. Akasema, "Kile kisima cha pampu nacho kililetwa na wageni wazuri kama hawa. Pampu ilipokufa tuliwatafuta, hatukuwaona. Hii ikifa tutamtafuta nani?"

Mwalimu Masunga ndiye aliyejibu. Alisema kama haitakuwa yetu, itakufa kweli. Siku ile ndipo ikapangwa kamati, na zamu za kupanda juu ya paa kufuta vumbi na kinyesi cha njiwa kwenye sola. Akatakiwa pia mtu wa kukaa kwenye kile chumba kila alasiri. Mwalimu akatazama huku na huku, akaniona mimi.

"Limi," akasema. "Huyu hana maneno mengi. Kifaa kinataka mtu asiye na maneno mengi."

Baba alifurahi mpaka akavimba. Nami nilifurahi, ingawa sikujua kwamba jambo lile lile nililosifiwa nalo ndilo litakalowaumiza watoto saba.

Nakwambia jambo jingine ambalo hulijui. Wiki ya kwanza, watoto walipotoka, nilifunga mlango nikabaki na kishikwambi kimoja. Nikakinong'oneza, "Sehemu ni nini?" Mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili! Hakikucheka. Kilisema tuanze na chungwa. Nikakiambia hapa hakuna machungwa, kuna viazi. Kikasema sawa, tuanze na kiazi, na tangu siku ile hakikunitajia chungwa tena. Chini ya kila swali kulikuwa na kitufe cha kijivu kimeandikwa "Sijui". Nilikibonyeza mara nyingi sana kile kitufe. Kila nikikibonyeza kilinirudisha nyuma hatua moja, bila kelele, mpaka nikafika mahali ninapopajua, tukaanza kupanda upya. Nililia kidogo, Kabula. Nilikuwa nimepata mahali pa kusema sijui na hakuna mtu anayegeuka kunitazama.

Nyinyi watoto hamkukibonyeza. Nilikuwa nawaona. Mlikaa watatu watatu kwenye kioo kimoja, na aliyepeleka kidole karibu na kile kitufe alisukumwa bega: "Wee, hujui hata hili?" Kwa hiyo mlikuwa mnabahatisha. Lakini mliipenda ile mashine, mkaiita Mwalimu wa Kioo. Kila mtoto alikuwa na picha yake ya mnyama ya kufungulia masomo yake. Wengine waligombania simba. Wewe ulichukua punda milia kwa sababu, ulisema, yeye peke yake ndiye aliyevaa sare. Rafiki yako Holo alichukua kobe.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Ilikuwa mwaka juzi, wewe darasa la sita. Pamba ilikuwa nyingi na ilipasuka kwa pamoja, kama unavyokumbuka. Kulikuwa na sheria ndani ya mashine: mtoto asiyefungua picha yake siku kumi, picha inageuka kijivu, na nafasi yake anapewa mwingine anayesubiri, maana vishikwambi ni vichache. Watoto saba mlikwenda mashambani. Asubuhi ile ulisimama mlangoni na mfuko wako wa kuchumia umeufunga kiunoni, ukasema, "Dada, nafasi yangu usimpe mtu." Nikasema sitampa.

Kilichotakiwa ni kitu kidogo. Kutoka chumba cha vishikwambi mpaka ofisi ya walimu ni hatua thelathini na mbili. Nazijua kwa sababu nilizihesabu. Nilitakiwa kwenda kwa Mwalimu Masunga niseme, "Mwalimu, watoto saba wako kwenye pamba, naomba tuwashikie nafasi." Nilikwenda mpaka mlangoni mara mbili. Ndani walimu walikuwa wanakunywa chai na kucheka kwa habari zao. Mara ya pili mmoja aliniona, akauliza, "Unasemaje, binti?" Nikasema, "Hamna kitu, mwalimu." Nikarudi hatua zangu thelathini na mbili.

Nikagusa punda milia.

Mwanzo nilitaka kufungua tu, usigeuke kijivu. Lakini mashine ukiifungua inakuuliza. Nikajibu swali moja, la pili, la tatu. Nilikuwa nimekwisha kuzijua sehemu, Kabula, na kila jibu lilikuwa sahihi. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe: nilifurahi. Ilisema, "Vizuri sana, Kabula! Umeelewa!" Sijawahi kuambiwa hivyo darasani, maana sijawahi kujibu. Nikawa nasifiwa kwa jina lako. Nilipomaliza punda milia nikagusa kobe wa Holo, kisha swala, kisha wengine, mpaka wote saba. Kesho yake nikarudia. Kitu cha kwanza kilichonisikiliza maishani mwangu bila kunicheka, nilikidanganya, na kikaniamini. Kwa nini kisiniamini? Hakina macho ya kuona ni mkono wa nani.

Mlirudi mikono imechanwachanwa na makaka ya pamba. Ukakaa, ukagusa punda milia kwa hamu. Ikasema, "Karibu tena, Kabula! Leo tuendelee na kugawanya sehemu kwa sehemu." Ulinitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Nikuambie ya upande wangu. Nilikuona ukikosea mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nilikusikia ukiniambia njiani, "Dada, Mwalimu wa Kioo amenibadilikia. Hanitaki." Baada ya wiki mbili ukaacha kumlaumu yeye. Ukasema, "Nina kichwa kizito mimi." Ulilisema ukiwa unamenya viazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja urefu wake. Na mimi nilikuambia nini? Nilikuambia, "Jitahidi." Nimechimba shimo mwenyewe, umetumbukia, nimesimama juu nakuambia panda vizuri. Katika makosa yangu yote, hilo neno "jitahidi" ndilo linaloniuma kuliko yote. Darasani nako ukaanza. Nilipita nje ya dirisha lenu nikasikia, "Tumeelewaaa!" na sauti yako ilikuwemo, juu kuliko za wenzako. Nikaijua ile sauti. Ilikuwa yangu.

Aliyekuona ni baba. Baba ambaye jina lake anaandika kwa taabu. Jioni moja wakati wa kukamua alikusikia ukimwambia ndama kwamba wewe ni mjinga.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Mashine, baba."

"Mashine hiyo imekuona ukifanya nini?"

Baba akaenda ndani akarudi na ungo wa michembe, akakuambia, "Tugawie. Tuko watu saba na mgeni mmoja anakuja. Asiwepo wa kulalamika." Hatukuwa saba, tulikuwa watatu na ndama, lakini ulikaa chini ukagawa mafungu manane, na ilipobaki minne ukaivunja kila mmoja katikati, kila fungu likapata kipande. Baba akahesabu kwa kidole. Kisha akaniambia mimi, si wewe: "Mayu, huyu mtoto yupo. Ila hiyo mashine yenu inamtafuta mahali ambapo hayupo."

Nilimwaga maziwa kidogo. Nilidhani amejua. Hakuwa amejua, alikuwa anasema alichokiona tu.

Jumamosi yake nikakuchukua shuleni tukiwa wawili peke yetu. Nikakuambia tunacheza mchezo: ubonyeze "Sijui" mpaka mashine ichoke.

"Itanicheka," ulisema.

"Haina meno."

Ukabonyeza. Ikasema, "Hakuna shida, turudi nyuma kidogo." Ukabonyeza tena. "Hakuna shida." Tena. Ulianza kuhesabu kwa sauti, ukafika ishirini, ukaanza kuiga ile sauti yake, "Hakuna shida, hakuna shida," unayumba kwenye benchi. Mimi nilikuwa nakodolea kioo macho, maana sikujua kama itashuka mpaka pale ulipo au itagoma. Halafu ikauliza: viazi kumi na viwili, watoto watatu, kila mmoja atapata vingapi? Kidole chako kilikuwa kinakwenda kwenye Sijui kwa mazoea, kikasimama hewani.

"Vinne," ulisema. "Hata mbuzi anajua."

Ukacheka. Nami niligeukia ukutani nikajifanya nafuta vumbi. Sijawahi kuliona jua la pale dirishani likiwa zuri kama siku ile. Kuanzia hapo ulipanda mwenyewe, ngazi kwa ngazi, na nilikuwa naketi nyuma yako mikono nimeikalia, nisije nikagusa.

Niliwachezesha mchezo huo watoto wengine watano, mmoja mmoja. Wa sita alikuwa Holo. Nilipokwenda kwao nilikuta boma liko tupu. Wamehama na ng'ombe kuelekea Meatu. Kobe wake bado yuko mle ndani, Kabula. Kwa mashine, Holo ndiye bingwa wa sehemu wa shule nzima. Yeye mwenyewe sijui yuko wapi, wala kama aliondoka akijiona ana kichwa kizito.

Mwaka jana ulikuwa darasa la saba, hukwenda shambani. Mimi nilikuwa na mitihani yangu ya kidato cha nne, na zamu yangu akaichukua yule mama aliyeuliza habari za pampu. Ukafanya mtihani, ukachaguliwa kwenda bweni. Siku jina lako liliposomwa nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa chini. Nilishukuru. Nikasema basi, limekwisha, hakuna haja ya mtu kujua.

Lakini halikwisha. Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mwalimu Masunga alisimama na karatasi, akasema watu wa mradi wamelinganisha majibu ya shule nyingi, wakaona jambo la ajabu: watoto wa hapa, katika miezi ya kuvuna pamba, wanang'aa. Mwaka jana mng'ao ule haukuonekana, lakini walisema labda ni vumbi kwenye sola. Kwa hiyo mwaka huu masomo magumu yatapangwa miezi ile ile ya pamba, hapa na kwenye shule za Mwamanyili, na mashine nazo zitafundishwa hivyo. "Mkono unachuma na kichwa kinachuma!" akasema Mwalimu. Watu wakapiga makofi.

Nami nilipiga makofi.

Nimekaa na makofi hayo tangu siku ile. Pengine ningeendelea kukaa nayo. Lakini leo asubuhi, nilipokuwa nakunja sare yako, ulisema kwa furaha, "Dada, bwenini nitawasimulia kwamba mimi nilikuwa mjinga, halafu nikafunguka." Ulisema kama hadithi nzuri. Ndipo nikaona kwamba unaondoka na kitu ambacho sikukufungia kwenye sanduku lakini nilikupa mimi. Siku utakapokwama kwenye hesabu za kule, utasema, naam, ule ujinga wangu umerudi. Haujawahi kuwepo, mwanangu. Kulikuwa na mkono wangu tu.

Naacha kalamu kidogo, kuna mtu anapiga kengele ya baiskeli.

*

Nimerudi. Jua limeshuka, na bado hujarudi kutoka kwa shangazi. Nakuandikia kilichotokea kama kilivyotokea.

Alikuwa Mwalimu Masunga. Amekuletea mkebe wa hesabu, mpya, bado una karatasi yake. Nilimpa kigoda karibu na jiko, nikamtilia chai. Akaziona karatasi hizi, akanisalimu.

"Mwadila, Limi. Unaandika kitabu?"

"Mwadila, mwalimu. Ni barua ya Kabula."

"Barua, na bado yupo hapa hapa! Ungemwambia tu."

Nikasema, "Kuna vitu sijui kusema." Akacheka kidogo, akapuliza chai yake. Na kwa kuwa alikuwa anatazama chai na hanitazami mimi, nikasikia sauti yangu inasema, "Mwalimu, ile miezi ya pamba watoto hawakung'aa. Nilikuwa mimi."

"Ulikuwa wewe nini?"

"Nilikuwa najibu mimi. Punda milia, kobe, swala, wote saba. Wao walikuwa shambani."

Aliweka kikombe chini. Akavua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu. Nilihesabu kuku wa jirani waliopita. Walikuwa wanne.

"Wote saba?"

"Wote saba, mwalimu."

Halafu akaanza kucheka. Halikuwa lile cheko la darasa la nne. Lilikuwa cheko la mtu aliyetua mzigo. "Miaka kumi na minane nafundisha hapa," akasema, "sijawahi kuona mtoto aking'aa mwezi wa kuvuna. Wanarudi wamechoka, wanasinzia, mmoja mmoja hata kalamu haishikiki. Nilipoletewa ile karatasi nikasema moyoni, hii si kweli. Lakini waliokuja nayo wamesoma, na mashine imesema. Nikasema labda mimi ndiye nisiyejua watoto wangu." Akanitazama. "Nami nilipiga makofi, Limi."

Kisha uso wake ukabadilika, akasema, "Lakini ulikosea. Uliwakosea watoto."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na usiniambie ndiyo ya darasani."

"Niliwakosea," nikasema. Nikamwambia habari za wewe kusema una kichwa kizito, nikamwambia mchezo wetu wa Sijui, nikamwambia kuhusu Holo. Aliposikia la Holo alisikitika kweli. Anamfahamu mwalimu kule Meatu, atamwomba aulizie familia ile iliko. Mimi nimesema wakimpata nitakwenda mwenyewe, hata kama nitasimama mlangoni kwao nusu siku kabla sijasema hodi.

Nikamuuliza kama watachukua vishikwambi. Hicho ndicho nilichokiogopa kuliko yote, Kabula, kwamba kwa sababu yangu watoto wa hapa watabaki bila kitu. Akatikisa kichwa.

"Wakichukua kwa kuambiwa ukweli, basi havikuwa vyetu. Mimi naona kosa jingine pia. Hizo siku kumi zilipangwa na mtu ambaye hajawahi kulima pamba. Hatukumwambia. Mashine itawajuaje watoto wa hapa kama sisi wenyewe hatuisemeshi ukweli?" Akavaa kofia yake. "Kesho kutwa, ukishamfikisha mdogo wako, njoo ofisini. Utawaandikia watu wa mradi. Kwamba miezi ya pamba nafasi za watoto zishikwe, masomo yawasubiri, na yale majibu ya mwaka juzi yafutwe. Mimi nitaweka sahihi."

"Mwalimu, mimi—"

"Sikusema useme. Nimesema uandike. Kuandika unaweza, naziona hizo karatasi."

Akaondoka akipiga kengele bila sababu. Nimesimama pale jikoni nikajiona mwepesi, kama siku ile uliposhuka mgongoni kwangu ukakimbia mwenyewe. Sikuwa najua kwamba nimechoka kiasi hiki. Nimekunywa chai yake aliyoiacha.

Sasa niseme neno moja la mbele, halafu ninyamaze. Kule kidato cha kwanza masomo yatakuwa kwa Kiingereza, na mwalimu atageuka kutoka ubaoni atauliza, na darasa zima litaitikia ndiyo kwa lugha mpya. Utasikia koo lako linataka kuingia kwenye ile kelele, maana ndani yake kuna joto. Nalijua lile joto. Siku hiyo nyoosha kidole, useme hujui. Kuna atakayecheka. Cheko lina mwisho wake, nimeliona leo kwa macho yangu: linakwisha, chai inabaki moto. Mimi nilikuwa nalikimbia, na nikakufundisha kulikimbia, na ni wewe uliyenionyesha, kwa kidole kile kilichosimama hewani, kwamba mtu akishakubali kushuka mpaka pale alipo, kupanda si kazi kubwa. Wanasema kule kuna chumba cha kompyuta, na mashine za namna hii ziko. Zitumie. Ni wasaidizi wazuri. Lakini usimruhusu mtu akujibie, hata akiwa anakupenda sana. Hasa akiwa anakupenda sana.

Nakusikia unakuja. Unaimba, na mbwa wa shangazi anakufuata. Baba naye anapanda kutoka bondeni, jembe begani, nguo zimelowa matope mpaka magotini. Nikishamaliza kuikunja barua hii nitamwambia baba. Nadhani atasema, "Nilikwambia," na atakuwa kweli aliniambia.

Nimerudi kusoma pale juu nilipokuomba usimwambie mtu. Nilitaka kukata ule mstari, nikaona niuache, ujue nilianzia wapi. Lakini sikuombi tena. Wasimulie wenzako bwenini, na kama kuna mmoja ametoka Meatu, mwulize kama anamjua Holo. Wacheke wakitaka. Ila ukifika pale kwenye mwaka wa darasa la sita, usiseme ulikuwa mjinga.

Sema ulikuwa shambani.

Dada yako, na kwa leo mayu wako,
Limi